Mnara wa Siloamu na ghorofa za Kariakoo



Ukishuka leo kwenye kituo cha mwendokasi cha Gerezani, jijini Dar es Salaam, na kutembea kwa miguu kuingia Kariakoo, utachoka kabla hujanunua kitu. Utapishana na guta lililojaa marobota ya nguo. Kijana mwenye boksi la televisheni kichwani atakupigia kelele umpishe. Mtaa wa Kongo utakuta mteja kutoka Lubumbashi anabishana bei na muuza viatu, na hatua chache mbele mwingine kutoka Comoro anahesabu katoni zake zisipungue. Juu yako kuna ghorofa sita, nane, kumi, na juu ya ile ya mwisho nondo zimeachwa wazi, ishara kwamba mwenye nyumba hajamaliza kupanda.

Huo ni uhai wa mji, na mimi naufurahia. Wapo wanaodhani padri akiandika habari za mji ataanza kwa kulaani. Hapana. Watu wengi wanaosali nasi Jumapili wanakula, wanasomesha watoto na wanatoa zaka kwa sababu ya Kariakoo. Wizara zilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, kutimiza uamuzi uliofanyika mwaka 1973, wapo waliotabiri kwamba katikati ya Dar es Salaam patapoa. Hapakupoa. Mwaka huohuo wa 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kuwaleta watu kutoka Kimara hadi Kivukoni na Gerezani. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kushusha abiria wa Morogoro na Dodoma mwendo mfupi tu kutoka sokoni. Soko Kuu lenyewe, lile lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, likakarabatiwa na kujengewa jengo jipya kando yake. Sasa tunazungumzia biashara ya saa 24. Mji unakua, na tunamshukuru Mungu.

Lakini leo ni Jumapili ya tatu ya Kwaresima, Mwaka C, na Injili tuliyoisikia kanisani inazungumza juu ya jengo lililoanguka.

Katika Luka 13, Yesu anawakumbusha wasikilizaji wake habari waliyoijua wote: mnara wa Siloamu, pale Yerusalemu, ulianguka ukaua watu 18. Ilikuwa habari ya mjini, ya aina tunayotumiana kwenye simu. Na kama ilivyo kwetu, watu walikuwa wameshapata maelezo: bila shaka wale 18 walikuwa na dhambi kubwa kuliko wengine. Yesu anakataa maelezo hayo. Waliokufa hawakuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha anawageukia walio hai na kuwaambia kwamba wasipotubu, nao wataangamia vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, sisi tunao mnara wetu wa Siloamu, tena zaidi ya mmoja. Tarehe 29 Machi 2013, asubuhi ya Ijumaa Kuu, wakati parokia zetu zikijiandaa kwa Njia ya Msalaba, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na makutano ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka. Watu 36 walikufa. Wengi wetu tulisema: hili ni fundisho, halitarudi tena. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, saa ya watu kufungua maduka, jengo la ghorofa nne likaporomoka Kariakoo. Waliopoteza maisha walikuwa zaidi ya 20. Waokoaji walikesha wakiwapitishia maji na hewa waliokuwa hai chini ya kifusi. Mashuhuda walieleza kwamba chini ya jengo hilo palikuwa na kazi ya kupanua nafasi ya biashara.

Siandiki haya ili kumhukumu mtu. Hiyo ni kazi ya vyombo vya sheria. Naandika kwa sababu nilisikia tena, ndani ya siku chache, maelezo yaleyale ya Siloamu. Wako waliosema ni mapenzi ya Mungu. Wako waliosema ni tamaa ya Kariakoo, watu wanapenda fedha mno, Mungu amewaadhibu. Maelezo yote mawili yana faida moja kwa anayeyasema: yanamtoa yeye nje ya habari. Yesu hamruhusu msikilizaji wake atoke nje ya habari. Kwake, jengo likianguka ni wakati wa walio hai kujikagua.

Basi tujikague. Kwa nini watu wachimbe chini ya jengo lenye watu ndani yake?

Uliza mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo, atakujibu kwa lugha rahisi. Mteja hapandi ngazi kama anaweza kupata mzigo chini. Kwa hiyo fremu ya chini, inayotazama barabara, ina kodi kubwa mara nyingi kuliko chumba cha ghorofa ya tatu ambacho mwishowe hugeuzwa stoo. Fremu hiyo hupati kwa kodi peke yake. Kwanza unatoa kilemba, fedha ya kumwondoa aliyekuwapo au ya kumridhisha mwenye nyumba, kisha dalali naye ana chake, kisha kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Mpangaji aliyelipa hayo yote hawezi kuimudu fremu peke yake. Anaikata vipande, anawapangisha wenzake watatu au wanne. Mwenye jengo naye anaona: kama sakafu ya chini ndiyo dhahabu, kwa nini nisiipanue? Ukuta unaondolewa. Nguzo inayoziba mlango inatazamwa kwa jicho baya. Sakafu inachimbwa. Na juu, kwa kuwa msingi "umeonekana imara", inaongezwa ghorofa nyingine.

Hakuna hatua hata moja katika hizo inayofanywa na mtu anayetaka kuua. Kila mmoja anafanya hesabu yake, na kila hesabu peke yake inaonekana ya maana. Lakini uzito wote unashukia mahali pamoja. Mtume Paulo, katika somo la pili la leo, anawaonya Wakorintho kwamba anayejidhania amesimama aangalie asianguke. Alikuwa akizungumzia maisha ya kiroho. Hata hivyo, mhandisi anaweza kulisoma neno hilo kwenye eneo la ujenzi na akalielewa bila mahubiri.

Wengine wataniambia kwamba habari za nondo na vibali si za altarini. Naomba wafungue Kumbukumbu la Torati 22:8. Humo Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Yaani kanuni ya ujenzi imo ndani ya Torati, kando ya amri za ibada na za jirani. Mungu hakusema anayepanda darini aangalie mwenyewe. Alimpa wajibu mwenye nyumba. Kibali cha ujenzi, kipimo cha udongo, mhandisi aliyesajiliwa, kibao kinachoonyesha jina la mkandarasi: hivi ndivyo ukingo wa dari katika siku zetu. Anayehonga ili avikwepe amevunja amri, na anayepokea hongo hiyo amevunja pamoja naye. Mambo haya yanaungamwa, wapendwa.

Sasa tuendelee na Injili, kwa sababu Yesu haishii kwenye mnara. Mara tu baada ya habari ya Siloamu anatoa mfano wa mtini. Mwenye shamba anakuja mwaka wa tatu kutafuta tunda, hapati. Anamwambia mtunza shamba aukate, maana unaikalia ardhi bure. Mtunza shamba anamwomba auache mwaka huu pia, yeye apate kuupalilia kwa kuchimba pembeni na kutia mbolea.

Nimehubiri mfano huu mara nyingi, na nimekuwa nikiueleza kama habari ya uvumilivu wa Mungu kwa mkosefu. Ndivyo ulivyo. Lakini mwaka huu neno moja limenikaa moyoni: unaikalia ardhi bure. Hilo ndilo neno linalosemwa katikati ya mji kila siku. Nyumba ya zamani ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uani nyuma, ambamo bibi mmoja amezeekea na wapangaji wake, inaikalia ardhi bure. Mama lishe chini ya mwarobaini anaikalia ardhi bure. Fundi cherehani barazani anaikalia ardhi bure. Angalia eneo hili lingezaa kiasi gani kama lingekuwa ghorofa!

Na kweli, lingezaa. Sisemi kila nyumba ya udongo ibaki ilivyo. Lakini tujue tunachokata. Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walilifanya eneo hilo kambi ya Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita hiyo katika Afrika Mashariki hawakurudi makwao. Wenyeji wakalitamka jina kwa ulimi wao: Kariakoo. Baadaye katika mitaa hiyohiyo, kwenye baraza za nyumba hizohizo za vyumba sita, watu walikaa jioni wakizungumza habari za uhuru. Ofisi ya TANU ilikuwa pale, kwenye mtaa tunaouita leo Lumumba. Kwa hiyo moyo wa mji wetu una jina la wabeba mizigo, na historia yake ilifanywa na watu ambao mwenye hesabu ya fremu angesema walikuwa wanaikalia ardhi bure.

Wabeba mizigo wa leo wako wapi? Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na wakajipanga kila mahali, hadi mtu wa miguu akakosa pa kupita. Mwaka 2021 wakaondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo waliyopangiwa. Haki ya mwenye miguu na ya mwenye duka anayelipa kodi ni haki kweli, siikatai. Lakini kabla ya hapo tulikuwa tumeshapata somo. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa ajili ya watu haohao, na kwa miaka mingi baada ya kukamilika sehemu yake kubwa ilikaa tupu. Lilikuwa jengo zuri, ila njia za wateja hazikupita humo. Mtu anayeuza soksi anaishi kwa miguu ya wapita njia. Ukimhamisha na kumwacha bila wapita njia, umemwondolea biashara hata kama umempa paa.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliligusa jambo hili. Alifundisha kwamba pale inapolazimu kuwahamisha maskini, wapewe taarifa mapema, wapewe makazi yanayofaa ya kuchagua, na wahusika wenyewe washirikishwe katika uamuzi, wasije wakaongezewa mateso juu ya mateso. Si mafundisho magumu. Ni adabu ya kawaida, ile ambayo kila mtu angependa kutendewa.

Nami sina haki ya kukunyooshea kidole, kwa hiyo nitasema la kwangu.

Miaka iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja ya mjini ambayo sitaitaja. Nje ya ukuta wetu mama mmoja aliuza uji, chapati na maharage. Alikuwapo kabla sijafika. Makatekista walikunywa uji kwake, na waombolezaji wakisubiri misa ya mazishi walikaa kwenye mabenchi yake. Halmashauri ya walei ilileta pendekezo: tubomoe kipande cha ukuta, tujenge fremu nane zinazotazama barabara, kodi yake itamalizia ukumbi wa parokia. Hesabu ilikuwa nzuri. Nilitia saini. Mama yule alipewa siku saba, na aliyempelekea habari alikuwa mlinzi, si mimi.

Fremu zilijengwa, ukumbi ukakamilika. Nilipokutana naye tena, baada ya kama mwaka na nusu, alikuwa Mbagala, anauza mkaa kwa visado. Alinisalimu kwa heshima, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko," nikaitikia. Nikamwomba radhi kwa maneno ya haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Akasema: "Baba, mngeniuliza, ningewaambia kule nyuma, karibu na choo, mahali palikuwa papo. Mimi nilihitaji mita mbili tu. Lakini hamkuniuliza." Nilirudi parokiani nikaenda kupaangalia mahali alipopataja. Palikuwa papo kweli. Hadi nahamishwa, palikuwa pamehifadhiwa mabati chakavu.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kuisoma Injili ya leo kama habari ya watu wengine. Nilikuwa mwenye shamba aliyesema ukate. Hapakuwa na mtunza shamba wa kuniambia auache mwaka huu pia, na yule niliyepaswa kuwa mtunza shamba ni mimi mwenyewe.

Biblia inatupa pia mfano wa mtu aliyefufua mji na akasikiliza. Nehemia aliikuta Yerusalemu imebomoka, akawapanga watu wajenge ukuta, kila mmoja sehemu yake. Kazi ikaenda. Lakini katika sura ya nne tunasoma kwamba nguvu za wabeba mizigo zilikuwa zinaisha, na katika sura ya tano maskini wanapiga kelele: wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na wanaowadai ni ndugu zao Wayahudi, wakubwa wa mji. Nehemia angeweza kusema tumalize ukuta kwanza, hayo mengine baadaye. Hakusema hivyo. Aliitisha mkutano, akawakemea wakubwa, akawadai warudishe mashamba na kuacha riba, wakaapa mbele ya makuhani. Kisha ukuta ukamalizika. Kilio cha maskini hakikuuchelewesha mji kama wengi wanavyohofia.

Basi, ndugu msomaji, nini kifanyike katika Kwaresima hii?

Kama una jengo mjini, tafuta mhandisi aliyesajiliwa alikague kabla hujaongeza hata tofali, na umwamini akikuambia hapana. Fedha utakayompa ni sadaka halali. Kama unapanga fremu na unaona nguzo inachongwa au ukuta unavunjwa usiku, usinyamaze kwa kuogopa kupoteza kilemba chako. Piga simu halmashauri, mwambie mwenyekiti wa mtaa, waondoe watu wako kwanza. Kama wewe ni mhandisi, mkaguzi au ofisa wa ardhi, saini yako ni ukingo wa dari ya mtu mwingine. Itunze kama unavyotunza komunyo yako. Kama uko kwenye baraza la madiwani au kamati ya soko, kabla hujapitisha mpango wa kuwahamisha watu nenda ukawaulize mita ngapi wanahitaji na wateja wao hupita wapi. Kama wewe ni mlei kwenye kamati ya fedha ya parokia, na paroko wako analeta hesabu nzuri ya fremu, muulize ni nani yuko pale sasa.

Na sisi wengine wote, wanunuzi, tusidhani tumetoka nje ya habari. Tunapotaka bei ya chini kabisa tunajiunga na ile hesabu. Walau tumlipe kijana aliyetubebea mzigo kama mtu mwenye mgongo, na tumpishe njia.

Katika somo la kwanza la leo Mungu anamwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake na amesikia kilio chao chini ya wasimamizi wao. Anamwambia pia avue viatu, kwa kuwa mahali aliposimama ni patakatifu. Jumamosi ile ya Novemba, waokoaji wengine walitambaa kwenye kifusi cha Kariakoo wakichimba kwa mikono. Walikuwa wanachimba kama yule mtunza shamba, ili kuokoa kilicho hai. Udongo uleule uliochimbwa kwa ajili ya fremu ulichimbwa tena kwa ajili ya watu. Sisi tulio hai tumepewa mwaka mwingine. Haitakuwa hivyo daima.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemtuma Mwanao kwa wote wanaolemewa na mizigo, wapokee waliokufa katika majengo yaliyoanguka, wafariji waliobaki, na utupe sisi moyo wa kutubu kabla ya mnara mwingine. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nakutakia Jumapili njema na Kwaresima yenye matunda.